Kufundisha Usimamizi wa Uzalishaji kwa Michezo ya Kuigiza Biashara: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Mwanafunzi anayetoka Changamwe asubuhi kuja darasani hupita kando ya malori yaliyojipanga kungojea zamu ya bandarini, na jioni akirudi huyakuta mengine yamejipanga vilevile. Akiulizwa katika mtihani maana ya foleni, ataandika fasili aliyoikariri bila kukosea hata nukta. Akiulizwa ni kwa nini foleni hiyo haiishi ilhali bandari ya Kilindini inafanya kazi usiku na mchana, atanyamaza. Si kwamba hana akili. Ni kwamba hajawahi kukaa mahali pa mtu anayeamua leo kuhusu mzigo utakaofika baada ya mwezi, akaona uamuzi wake mwenyewe ukimrudia.

Mchezo wa kuigiza biashara humweka mahali hapo. Walimu wa usimamizi wamekuwa wakiutumia tangu miaka ya 1950, na mmoja wa ile ya mwanzo, uliobuniwa na kundi la Jay Forrester katika chuo cha MIT nchini Marekani, ungali unachezwa hadi leo. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kufundisha somo hili hapa Mombasa nimejifunza kwamba mchezo peke yake haufundishi. Wanafunzi hucheka, hupigiana kelele, hushindana, kisha huenda zao. Kinachofundisha ni grafu wanayoichora baada ya kucheza na mazungumzo yanayoifuata, kwa sababu hapo ndipo wanapoona kwamba msukosuko waliokuwa wakimlaumia mteja waliuzua wao wenyewe. Kila hatua ninayoieleza hapa chini imepangwa kwa ajili ya saa hiyo ya mwisho.

Hatua ya kwanza: Chagua jambo moja la kufundisha

Usianze kwa kuchagua mchezo. Anza kwa kuandika sentensi moja inayosema mwanafunzi ataelewa nini atakapotoka darasani. Ikiwa ni namna oda zinavyovurugika katika mnyororo wa ugavi, yaani safari ya bidhaa kutoka kiwandani hadi dukani, tumia mchezo wa mnyororo wenye wahusika wanne. Ikiwa ni namna bahati inavyoathiri kasi ya mstari wa uzalishaji, tumia dadu. Ikiwa ni ukubwa wa mafungu na muda wa kungojea, tumia kazi ya mikono ya karatasi. Mchezo unaojaribu kufundisha yote kwa pamoja, fedha, masoko, wafanyakazi na mashine, unafaa mwisho wa muhula, wakati wanafunzi wameshajua kila kipande kwa jina lake.

Hatua ya pili: Andaa meza

Nitaeleza kwa kirefu mchezo wa mnyororo wa ugavi, kwa kuwa ndio wenye faida kubwa na ndio unaoharibika kwa urahisi ukiandaliwa vibaya. Ndio ule wa kundi la Forrester, na katika umbo lake la asili bidhaa ni bia. Mimi hutumia katoni za unga wa ngano, kwa sababu katika darasa la Mombasa wapo wengi ambao bia hawaigusi na hawana sababu ya kuigiza kuiuza, na kwa sababu kila mmoja wao anajua Ramadhani inavyofanya unga utoke dukani. Hesabu haibadiliki hata kidogo.

Kila meza ina nafasi nne: duka la mtaani, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Weka wanafunzi wawili katika kila nafasi, mmoja aamue na mwingine aandike, ili darasa la watu 40 litoshe meza tano. Kwenye karatasi ya manila chora ghala la kila mmoja, na kati ya kila ghala na linalofuata chora visanduku viwili vya mzigo ulio njiani, kwani mzigo huchukua wiki mbili kufika. Kiwanda nacho kina visanduku viwili vya uzalishaji. Kila ghala lianze na katoni 12, na kila kisanduku cha njiani kiwe na katoni 4.

Kwa katoni tumia nafaka: punje ya mahindi ni katoni moja, harage ni katoni kumi. Kiwanda kiwe na bakuli la kuchotea lisilo na kikomo. Oda huandikwa kwenye vipande vya karatasi vinavyolazwa kifudifudi. Hapa pana jambo dogo ambalo mwalimu wa Pwani asilipuuze: darasani feni haizimwi, na feni hupeperusha oda. Wakati mmoja meza nzima ilipoteza wiki ya 11 kwa sababu karatasi mbili ziliruka na kuchanganyika, na ikatulazimu kuifuta meza hiyo katika matokeo. Tangu siku hiyo huweka kokoto juu ya kila rundo.

Oda za mteja zipange mapema karibu na duka, nazo zimefunikwa. Wiki ya 1 hadi ya 4 mteja anataka katoni 4. Kuanzia wiki ya 5 hadi mwisho anataka katoni 8, wala habadiliki tena. Siri hiyo usimwambie yeyote, hata msaidizi wako.

Gharama ni mbili. Katoni inayolala ghalani inagharimu shilingi 5 kwa wiki, na katoni ambayo mnunuzi ameagiza lakini hujampelekea, yaani deni lako, inagharimu shilingi 10 kwa wiki hadi umpelekee. Katika mchezo wa asili ni nusu dola na dola moja. Kinachohitajika kubaki ni ule uwiano wa moja kwa mbili.

Hatua ya tatu: Endesha mchezo

Tenga dakika 30 za maelezo, saa moja na nusu ya kucheza, na saa nzima ya mazungumzo. Kama ratiba ya chuo hairuhusu saa tatu mfululizo, cheza siku moja na uzungumze kesho yake, lakini karatasi za matokeo zibaki mikononi mwako. Mara ya kwanza nilipoendesha mchezo huu nilitumia muda wote kucheza. Darasa lililofuata lilikuwa tayari mlangoni, nikatangaza meza iliyoshinda, wakapiga makofi, basi. Wiki iliyofuata niliwauliza walijifunza nini, wakaniambia kwamba msambazaji wa meza ya pili ni mchoyo.

Kila wiki ina vitendo vitano, na ni lazima meza zote zivifanye kwa pamoja ukivitaja kwa sauti. Kwanza, pokea mzigo ulio kwenye kisanduku cha karibu na usogeze ule wa nyuma yake. Pili, soma oda uliyoletewa na upeleke mzigo, pamoja na deni la wiki zilizopita kama lipo. Tatu, andika akiba yako, au deni lako kwa alama ya kutoa. Nne, sogeza karatasi za oda hatua moja kuelekea kiwandani. Kiwanda kwa upande wake huanza kuzalisha kile kilichoagizwa. Tano, amua oda mpya, iandike kwenye fomu na uilaze kifudifudi. Wiki nne za kwanza amuru kila mtu aagize katoni 4, ili wazoee vitendo kabla ya kuachiwa uamuzi.

Wahusika hawaruhusiwi kuzungumza wao kwa wao. Mawasiliano pekee ni ile karatasi ya oda. Kanuni hii ndiyo wanayoivunja zaidi, kwa macho, kwa kuguna, hata kwa kukohoa, na mwalimu hana budi kuisimamia bila kuchoka, maana ikilegea mchezo umekwisha.

Waambie mtacheza wiki 50, kisha simamisha ghafla wiki ya 36. Wakijua mwisho, wataacha kuagiza na kumaliza ghala, na grafu itadanganya.

Angalia kwa makini kinachotokea dukani. Wiki ya 5 duka linapokea katoni 4 na kuuza 8, akiba inashuka kutoka 12 hadi 8. Wiki ya 6 inabaki 4. Wiki ya 7 ghala ni tupu. Wiki ya 8 lina deni la katoni 4. Hata kama mwenye duka aliamka mapema na kuagiza katoni 8 wiki ile ile ya 5, oda yake inachukua wiki mbili kumfikia muuzaji wa jumla na mzigo unachukua mbili nyingine kurudi, kwa hiyo hautafika kabla ya wiki ya 9. Sasa simama nyuma yake na umtazame. Rundo limekwisha, mwenzake anaandika alama ya kutoa kwa mara ya kwanza, na mkono unaoshika kalamu unaandika 16, kisha 20. Katoni zote alizokwisha kuagiza ziko njiani, lakini haziko mbele ya macho yake. Muuzaji wa jumla akiona 20 anaagiza 30. Kiwandani inafika 50. Wiki kumi baadaye unga wote unawasili kwa pamoja, na mtu aliyekuwa akilia njaa anakuwa na mlima wa maharage asiojua pa kuuweka. Tarakimu hizi hubadilika toka meza hadi meza, ila sura yake hurudi ile ile.

Hatua ya nne: Mazungumzo

Kabla ya kusema lolote, mpe kila mwanafunzi dakika tatu za kimya aandike mambo mawili: nani alimlaumu zaidi, na alijisikiaje wiki ya 15. Baadaye watasahau, au watajisingizia utulivu ambao hawakuwa nao.

Kisha waambie wahusika wa jumla, usambazaji na kiwanda wachore wanavyodhani mteja alinunua, wiki kwa wiki. Duka lisichore, kwa kuwa linajua. Hapo utaona mawimbi: mteja anayepanda hadi 40, akashuka hadi sifuri, akapanda tena. Bandika michoro hiyo ukutani. Halafu chora oda halisi za nafasi zote nne za meza moja kwenye karatasi moja, kwa kipimo kimoja, duka chini na kiwanda juu. Mwisho kabisa, funua oda za mteja: mstari ulionyooka wa 4, ngazi moja, kisha mstari ulionyooka wa 8.

Nyamaza hapo. Usiharakishe kueleza. Mwaka jana msichana aliyekuwa kiwandani aliinuka, akaenda ukutani, akaubandua mchoro wake na kuutazama kwa muda kabla ya kuuliza, "Mwalimu, kwa hivyo huyu mteja hakufanya kitu?" Swali lake lilifanya kazi ambayo mihadhara yangu mitatu isingeifanya.

Baada ya hapo ndipo uingize nadharia. John Sterman wa MIT, katika makala aliyoichapisha mwaka 1989, alionyesha kwamba timu zilizocheza mchezo huu zilipata gharama takriban mara kumi ya ile ndogo kabisa iliyowezekana, na kwamba kosa kuu lilikuwa watu kutohesabu mzigo waliokwisha kuagiza ambao haujafika. Jambo lenyewe huitwa athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inarushwa mbali. Mwaka 1997 Hau Lee na wenzake walitaja vyanzo vyake vinne, na kila kimoja unaweza kukionyesha hapa hapa mjini. Kukadiria upya mahitaji kila oda inapoingia ndiko walikokufanya mezani. Kuagiza kwa mafungu makubwa ni mfanyabiashara anayesubiri mpaka ajaze kontena zima ndipo aagize. Bei inayopanda na kushuka ni wanunuzi wa soko la Kongowea wanaojaza stoo wiki ya bei nafuu na kutoweka wiki inayofuata. Na kuagiza kupita kiasi kwa kuhofia mgao, wanafunzi wakubwa wanaukumbuka mwaka 2017, serikali ilipotoa ruzuku na pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ikauzwa shilingi 90, ikawa anayeiona dukani anachukua zaidi ya anayoihitaji kwa kuwa hajui kesho ataiona wapi.

Wape pia kanuni ya kuamulia. Jumlisha akiba na mzigo wa njiani, yaani kila ulichoagiza ambacho hakijafika, toa deni, na jibu hilo ulitoe kutoka lengo lako, ile jumla unayotaka kuwa nayo ghalani na njiani. Oda ni tofauti hiyo pamoja na mauzo unayotarajia wiki hii. Kama tofauti iko chini ya sifuri, punguza oda. Kwa duka linalouza katoni 8 kwa wiki na kungojea wiki nne, mzigo wa njiani peke yake unapaswa kuwa kama 32, na lengo liwe juu kidogo ya hapo. Waache wacheze wiki 15 kwa kanuni hii, huku oda za mteja zikiwa wazi kwa wote. Ucheleweshaji ubaki ule ule. Grafu ya pili iwekwe chini ya ya kwanza, wala haihitaji maelezo marefu.

Hatua ya tano: Dadu na vifuko vya njugu

Ukiwa umebakiwa na vipindi viwili, ongeza michezo hii miwili. Yote ni ya gharama ndogo.

Wa dadu unahitaji watu watano kwa safu. Kila raundi, kila mtu kwa zamu yake hurusha dadu na kumpa jirani yake njiti za kiberiti kwa idadi ya dadu, lakini asizidishe alizonazo. Wastani wa dadu ni 3.5, kwa hiyo raundi 20 zingepaswa kutoa njiti 70. Hazitoi. Wa kwanza akipata 5 anapitisha tano. Wa pili akipata 2 anapitisha mbili na tatu zinalala. Wa tatu hata akipata 6 ana mbili tu za kupitisha. Bahati mbaya ya mmoja husafiri hadi mwisho wa mstari, ila bahati nzuri hukwama njiani. Mwulize mwanafunzi anayefanya kazi bandarini ni wapi ameliona hilo, kisha umsikilize.

Wa pili ni wa kukunja vifuko vya karatasi kama vile vya wauza njugu. Vituo ni vinne: kukata karatasi, kuviringisha, kupinda ncha, kutia njugu kumi. Tuseme kila kituo kinatumia sekunde 5 kwa kifuko. Wakifanya vifuko 20 kwa fungu moja, kila kituo kikimaliza vyote ndipo kipitishe, mteja anangoja sekunde 400 kabla ya kupata hata kimoja. Wakipitisha kimoja kimoja, cha kwanza kinatoka sekunde ya 20 na cha ishirini sekunde ya 115. Watu ni wale wale, na hakuna aliyeongeza mwendo. Kwa kweli mikono haina kasi sawa, na karatasi zitarundikana mbele ya anayeviringisha. Hapo chora kati ya vituo miraba inayobeba vifuko viwili tu na uamuru kwamba mraba ukijaa, aliye nyuma asimame. Wengine watakereka kukaa bure. Waache wakereke, kisha waonyeshe hesabu ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: vilivyo ndani ya mstari ni sawa na kasi ya kutoka mara muda wa kukaa ndani. Vikiwa 60 mezani na vinatoka 4 kwa dakika, kinachoingia sasa kitatoka baada ya dakika 15. Vikiwa 8, baada ya dakika 2.

Hatua ya sita: Kompyuta, ikiwa ipo

Michezo ya kompyuta ina uzuri wake: inakokotoa haraka, inaweza kuendeshwa kwa majuma, na mwanafunzi wa jioni anashiriki akiwa nyumbani. Hata hivyo, usianze nayo. Kompyuta humfichia mwanafunzi mzigo unaosogea, na ndio hasa tunaotaka auone. Kama leseni ni ghali, jedwali la Excel lenye safu za akiba, oda, mzigo wa njiani na gharama linatosha, na mwanafunzi anayelitengeneza mwenyewe hujifunza zaidi ya anayepewa. Chapisha fomu za akiba kwenye karatasi kila mara, umeme ukipotea kazi iendelee.

Hatua ya saba: Kutoa alama

Usitoe alama kwa gharama ndogo. Nilifanya hivyo muhula mmoja, na nikagundua kwamba meza mbili zilikuwa zikisahihisha deni lao kwa siri. Lililoniumiza zaidi ni kwamba meza iliyofanya vibaya kuliko zote, ambayo grafu yake ndiyo ingefundisha darasa zima, ilikataa kuionyesha. Toa alama kwa ripoti ya kurasa mbili inayojibu maswali matatu: uamuzi upi mmoja uliharibu zaidi na katika wiki ipi, wakati ule ulikuwa unaona nini na hukuwa unaona nini, na ni sehemu gani halisi ya kazi hapa Mombasa, iwe duka, karakana, jiko la hoteli au ghala, ambayo ina kasoro hiyo hiyo. Swali la tatu lipe nusu ya alama, na umtake aende aone kwa macho yake na ahesabu: mahamri mangapi yanangoja kukaangwa, magari mangapi yako kwa fundi, oda ngapi ziko njiani.

Baada ya darasa

Hesabu nafaka na uzirudishe kwenye mikebe yenye vifuniko, maana unyevunyevu wa Pwani huleta fukusi ndani ya wiki chache. Kunja manila, funga dadu na kokoto pamoja. Chukua grafu ya meza iliyovurugika zaidi, futa majina ya wachezaji, andika mwaka nyuma yake na uihifadhi. Muhula ujao, darasa jipya likishamaliza kuchora la kwao, ibandike kando yake.